Mashine ya wembe ya kwanza: ununue ipi, na uanze na wembe gani

Haya wakuu, karibuni tena. Leo mezani kuna mashine za wembe, zile za chuma unazoweka kiwembe kimoja chenye makali pande mbili, na naongea na yule ambaye hajawahi kushika hata moja. Wengi mnauliza ipi inanyoa laini kuliko zote, na mi nasema hilo swali liweke pembeni kwanza, maana mkinitumia picha shida naiona ni vipele, vipele kidevuni, vipele shingoni, ngozi imeshakuwa nyeusi imekakamaa. Mtu wa hivyo ukimpa mashine inayonyoa laini kuliko zote umemmaliza.

Iko hivi. Ndevu zetu wengi zimejikunja toka kwenye shina. Sasa zile za plastiki zenye nyembe tatu mpaka tano zimepangana, wembe wa mbele unauvuta unywele juu kidogo, wa nyuma yake unaukata kabla haujarudi, kwa hiyo ukirudi unazama chini ya ngozi. Mwenye nywele zilizonyooka kwake raha tupu, anashika shavu anafurahi. Sisi huo unywele ukianza kuota umekunjana unatoboa pembeni, unaingia kwenye nyama, na ndo kipele chenyewe hicho. Wembe mmoja hauna huo mchezo wa kuvuta, unakata usawa wa ngozi basi. Sisemi ni dawa, kama una vipele vyenye usaha acha kunyoa kabisa ndevu ziote uende ukamuone daktari wa ngozi, mashine utanunua baadae haikimbii.

Nisogeze kamera. Hii ni ya vipande vitatu, mfuniko, sahani ya chini, na mpini. Unafungua mpini, wembe unakaa katikati, unafunga. Ukishafunga iangalie kwa mbele, ule ukingo wa wembe uchomoze sawasawa kulia na kushoto, kama upande mmoja umetoka zaidi legeza ufunge tena, usianze kunyoa hivyo hivyo. Na wembe ushike kwa zile ncha fupi mbili zisizo na makali, mnaoshika kati mnanitisha.

Sasa wembe mkali ni kitu kimoja, mashine kali ni kitu kingine, watu wanachanganya hapa. Ukali wa mashine unatokana na mwanya kati ya wembe na sahani, na wembe umechomoza kiasi gani. Mwanya mkubwa ngozi inaingia, wembe unaikuta, damu. Mwanya mdogo unapita juu juu, itabidi urudie mara mbili tatu lakini hukatiki kirahisi. Wewe unaeanza chukua yenye mwanya mdogo, na sahani yake iwe na ukingo ulionyooka, siyo ile yenye meno kama kitana. Za meno nyingi ni kali, japo si zote, ila we achana nazo kwa sasa.

Ukiniuliza majina. Edwin Jagger DE89 ya Uingereza, na Mühle R89 ya Ujerumani, hizi kichwa ni kilekile hizi kampuni mbili zilikitengeneza kwa pamoja, ukipata yoyote kwa bei nzuri beba. Merkur 34C nayo ya Ujerumani, kutoka Solingen, hii ni vipande viwili na mpini wake mfupi mnene mzito, kwa mikono mikubwa wengine hawaipendi, mi naipenda sana kwenye shingo. Alafu sikilizeni, hiyo Mühle angalieni namba jamani. Kuna R89 na kuna R41, mpini unaweza kuwa uleule, boksi linafanana, lakini R41 ni moja ya mashine kali kuliko zote zinazouzwa saivi. Mtu anaona imeshushwa bei anasema si Mühle hiyohiyo, anachukua, siku ya kwanza tu shingo inawaka moto na anakuja kutangaza mashine za wembe ni hatari.

Mwenye hela zaidi kidogo kuna Rockwell 6C, ile inakuja na sahani tatu, kila sahani ina pande mbili, kwa hiyo una ngazi 6 za ukali. Anza na 1 au 2. Ni nzuri kwa sababu hutanunua mashine ya pili ukishazoea, unageuza tu sahani.

Na kama hela ndo hakuna? Zipo za kipepeo kutoka China, unazungusha kitako cha mpini milango miwili inafunguka juu, Weishi ndo jina linalojulikana, na kwa kweli ni pole, mwanafunzi hakatwi ovyo. Shida ya kipepeo ni povu na vinyweleo vinajaa mle ndani na huwezi kuifungua yote ukaosha, na zile zisizo na jina kabisa milango haifungi sawa, wembe unakaa upande, hiyo hata ukipewa bure kataa. Kwa hela ndogo mi ningeenda Lord ya Misri, ya vipande vitatu, nyepesi nyepesi lakini inafanya kazi. Tahadhari moja kwa nyingi kati ya hizi nilizotaja, hata za bei kubwa: chuma cha kichwa ni mchanganyiko wa zinki uliopakwa kromu, siyo chuma cha pua. Ikikuponyoka ikadondokea kwenye marumaru inaweza kukatika pale kwenye nyuzi za skrubu, na hapo hakuna fundi. Kwa hiyo kausha mkono, na usikaze ukifunga, ikishagota imetosha.

Twende kwenye nyembe, na hapa ndo raha ilipo. Hizi nyembe zinaingiliana zote. King Camp Gillette, Mmarekani aliyeanzisha mashine za aina hii, alipata hataza yake, yaani haki ya ubunifu, Marekani mwaka 1904, na mpaka leo vipimo vya wembe havijabadilika sana, kiwembe cha dukani kwa Mangi kinaingia kwenye mashine ya Ujerumani bila maneno. Ndo maana nasema hela weka kwenye mashine mara moja, huku kwingine ni sarafu.

Topaz ya India na Nacet mnazijua, zipo kila duka. Watu wanazidharau kwa sababu wamezoea kuona zinakatia kucha na nyuzi, lakini Nacet kwenye mashine pole inanyoa vizuri mno, hiyo ni ya Gillette hiyo. Astra ya kijani nayo wengi wanaanzia hapo na sina ubishi. Derby ya Uturuki ni laini, kwa ndevu nyembamba sawa, kwa ndevu nzito itakuwa inavuta. Feather ya Japani kaa nayo mbali mpaka mkono ukae sawa, ile inasifika kwa ukali kuliko nyembe zote na haisamehi. Na zile nyeusi za chuma cha kawaida kisicho cha pua, zinanyoa tamu lakini zinapata kutu haraka, kwa hali ya hewa ya Dar au Mombasa usiku mmoja bafuni unakuta alama.

Usinunue boksi la nyembe 100 kwa sababu mtu kwenye video kasema. Nunua pakiti ndogo ndogo za aina tatu nne. Mashine ileile, sabuni ileile, badilisha wembe tu, kila aina inyolee mara tatu, ndo utajua. Ukibadilisha mashine na wembe kwa mpigo ukakatika utamlaumu nani? Wembe mmoja ni mara tatu mpaka tano, ukianza kuvuta tupa, usiwe bahili na kitu cha sarafu. Na mashine unaweza kuazima mdogo wako, wembe hapana, kila mtu na wake, hilo tulishafundishwa toka shuleni kwenye mambo ya ukimwi na bado wapo wanaochangia.

Kunyoa kwenyewe haraka haraka. Oga kwanza au weka kitambaa cha maji moto dakika mbili tatu, ndevu ilolowana inakatika kirahisi sana. Sabuni ya kunyolea na brashi, siyo sabuni ya kufulia. Weka mfuniko wa mashine umelala kwenye shavu, shusha mpini taratibu mpaka usikie wembe umegusa ndevu, inakuja kama nyuzi 30 hivi, hapo hapo. Mistari mifupi. Usikandamize. Yaani mkono uliozoea plastiki unakandamiza wenyewe bila kujua, shika mpini kwa chini kabisa kwa vidole viwili vitatu uache uzito wa chuma ufanye kazi. Pitisha kuelekea ndevu zinakolala, na shingoni papasa kwanza kwa vidole, wengi wetu ndevu za shingo zinalala kwa pembeni au zinazunguka. Paka sabuni tena, pita kwa ubavu kama unataka. Kinyume chake usiende. Najua itabaki inakwaruza kidogo ukishika, iache, hicho kidogo kilichobaki juu ya ngozi ndo kinachozuia unywele kuzama.

Maliza na maji baridi, na shabu. Kipande cha shabu kilowanishe, pitisha, subiri kidogo, suuza. Kitakuchoma pale ulipokandamiza, kwa hiyo kesho unajua mkono wako unazidi wapi.

Nyembe zilizokwisha usitupe kwenye mfuko wa taka, yule anaebeba taka anashika kwa mikono. Chukua kopo la maziwa, toboa mwanya juu unaopitisha wembe, likijaa lifunge kwa gundi ya karatasi, ndo ulitupe. Na ukisafiri kwa ndege na begi la mkononi mashine unabeba, wembe toa, utanunua huko unakoenda.