Kolkata, Darjeeling na Gangtok pamoja na watoto: uzoefu wangu wa siku 12

Tulikuwa watano: watu wazima watatu, mtoto wa miaka 9 na mwingine wa miaka 4. Tulianzia Kolkata, mashariki mwa India, tukapanda hadi Darjeeling milimani, tukavuka kwenda Gangtok, mji mkuu wa jimbo la Sikkim, kisha tukateremka kurudi. Ningeirudia safari hii kesho, ila si kwa ratiba ile ile. Kule milimani kilomita hazikuambii kitu. Kutoka kituo cha treni cha New Jalpaiguri chini ya milima, ambacho kila mtu hukiita NJP, hadi Darjeeling ni kama kilomita 70, na gari huchukua saa tatu au zaidi. NJP hadi Gangtok ni kilomita 120 hivi, saa nne hadi tano barabara ikiwa nzima. Kwa hiyo pesa ya ziada ilipie nafasi ndani ya gari na siku za akiba, usiilipie sehemu nyingi za kutembelea.

Tulichagua Novemba kwa sababu moja: anga. Juni hadi Septemba mvua hushusha vifusi barabarani na mawingu hufunika milima yote. Oktoba hewa huanza kusafika, lakini ni wakati wa Durga Puja, sikukuu kubwa ya Wahindu, na hoteli za Kolkata hujaa, treni pia. Aprili na Mei maua yapo, lakini Wahindi wengi nao hupandisha familia zao kukimbia joto la bondeni.

Kabla ya kuondoka: viza ya mtandaoni inakubaliwa uwanja wa ndege wa Kolkata na pia wa Bagdogra, karibu na Siliguri, mji ulio chini ya milima. Anayetoka Kenya, Uganda, Burundi au Congo abebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na chanjo iwe imepigwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii kwenye soketi za India, ambazo matundu yake ni ya mviringo, basi nunua adapta mbili nyumbani. Saa ya India iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu. Nchi nzima hutumia saa zile zile, na kwa kuwa huku ni mashariki, jua la Novemba huzama mnamo saa kumi na moja jioni. Mambo ya nje yamalizeni mapema. Fedha taslimu ni lazima: wenyeji hulipa kwa simu, mfumo ambao mgeni hawezi kuutegemea, na ATM nyingi hutoa rupia 10,000 tu kwa mara moja. Toeni za kutosha Kolkata au Siliguri kabla ya kupanda.

Kolkata tuliipa siku mbili, zinatosha kwa watoto. Usifike Jumatatu: Victoria Memorial na Indian Museum, iliyoanzishwa mwaka 1814, zote hufunga siku hiyo. Metro ni rahisi na safi. Kipande cha Esplanade hadi Howrah Maidan, kilichofunguliwa Machi 2024, hupita chini ya mto Hooghly, na kwa mtoto wa miaka 9 hilo lilitosha kuwa tukio la siku. Chakula cha halali kinapatikana kwa wingi Zakaria Street, karibu na msikiti wa Nakhoda. Biriani ya Kolkata huja na kiazi kikubwa ndani, jambo ambalo mtu wa pwani atalipokea vizuri. Pilipili ni ya wastani. Maji ya chupa tu, na barafu acheni.

Treni ya kwenda NJP ndiyo iliyohitaji maandalizi mengi kuliko yote. Kuna njia mbili zinazofaa familia. Ya kwanza ni Vande Bharat, treni ya kasi ya mchana kutoka kituo cha Howrah, inayoondoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na kuchukua kama saa saba na nusu. Ni ya viti tu. Ya pili ni Darjeeling Mail kutoka Sealdah, saa nne usiku na ushee, inayofika asubuhi. Tulichukua ya usiku, na ninaipendekeza: watoto hulala njia nzima na siku haipotei. Angalia jina la kituo mara mbili. Howrah iko ng'ambo ya magharibi ya mto, Sealdah mashariki, na ukikosea huna muda wa kuvuka mji.

Daraja liwe 3A au 2A, yaani vitanda vya tabaka tatu au mbili vyenye kiyoyozi. Kila sehemu ya behewa la 3A ina vitanda vinane: sita vikitazamana kwa tabaka tatu, na viwili kando ya ujia. Kitanda cha kati hukunjwa mchana na hufunguliwa saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mtoto aliye chini ya miaka 5 husafiri bila tiketi ikiwa hana kitanda chake, lakini basi hapati shuka wala blanketi. Wa miaka 5 hadi 11 hulipa nauli kamili akitaka kitanda. Omba cha chini kwa mzazi anayelala na mdogo. Msaidizi wa behewa hugawa shuka, mto na blanketi, ila kiyoyozi ni kikali, kwa hiyo soksi na sweta viwe mkononi, si ndani ya sanduku.

Soma hali ya tiketi kwa makini. CNF maana yake una kitanda. RAC unapanda, lakini watu wawili hugawana kitanda kimoja cha kando. WL ni orodha ya kusubiri, na tiketi ya mtandaoni iliyobaki WL hujifuta yenyewe na pesa kurudi. Huruhusiwi kupanda nayo. Uuzaji wa kawaida hufunguliwa siku 60 kabla. Akaunti ya IRCTC, tovuti ya tiketi za reli ya India, kwa namba ya simu ya nje huchukua muda kuthibitishwa, isajili wiki kadhaa mapema.

NJP kwenda juu, magari ya kushirikiana aina ya Sumo na Bolero hufanya kazi kama mchomoko: halijajaa haliondoki. Abiria kumi: wawili mbele na dereva, wanne katikati, wanne nyuma. Viti vya nyuma na kona za mlima havipatani, na mtoto akikaa pale atatapika. Nunueni safu yote ya kati na siti moja ya mbele, bado ni nafuu kuliko kukodi gari zima. Sisi tulikodi kupitia wakala mmoja wa Siliguri, gari lililokuja likawa dogo kuliko tulilolipia, na sanduku moja likakaa miguuni. Andikishaneni aina ya gari, idadi ya siti na kama lina kichanja cha mizigo juu. Asubuhi hiyo wapeni watoto mkate mkavu na ndizi, si maziwa, na dawa ya kichefuchefu nusu saa kabla, kwa kipimo alichosema mfamasia.

Darjeeling iko kama mita 2,040 juu ya usawa wa bahari. Vyumba vingi havina joto la ukutani. Kipasha joto hukodishwa kwa pesa ya ziada na maji ya moto hutoka kwa saa maalumu. Uliza yote mawili kabla ya kulipa. Uliza pia idadi ya ngazi kutoka barabarani, maana mji umejengwa kwenye mteremko na gari halifiki kila mlango. Maduka hufunga mapema usiku.

Treni ndogo iliyojengwa kati ya 1879 na 1881, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1999, ndiyo kitu bora cha safari nzima. Reli yake ina upana wa milimita 610 tu, na hupanda mlima bila meno, kwa kuzunguka vitanzi na kurudi kinyumenyume kwa zigizaga. Msiichukue kutoka NJP na watoto: ni saa saba au zaidi. Chukueni mzunguko wa Darjeeling hadi Ghum na kurudi, kama saa mbili, wenye kituo kifupi Batasia na kingine Ghum, stesheni ya juu kuliko zote India, mita 2,258. Ya mvuke ni ghali kuliko ya dizeli na inastahili bei yake, ila vumbi la makaa huingia dirishani, basi watoto wasivae nyeupe. Tiketi huisha mapema, kateni mtandaoni.

Bustani ya wanyama ya Padmaja Naidu hufungwa Alhamisi. Ina panda wekundu na chui wa theluji, na tiketi yake hukuingiza pia kwenye chuo cha kupanda milima kilichoanzishwa 1954, mwaka mmoja baada ya Tenzing Norgay kufika kilele cha Everest. Tengeni nusu siku. Tiger Hill, kilima cha kutazamia jua likichomoza, ni suala jingine. Kuondoka saa kumi alfajiri, baridi kali, umati, foleni ya magari. Mlima Kanchenjunga, mita 8,586, huonekana vizuri asubuhi yenye anga safi kutoka njia inayozunguka Observatory Hill, nyuma ya Chowrasta, uwanja wa katikati ya mji, dakika chache kwa miguu. Kwa mtoto wa miaka 4 chagueni hiyo.

Momo, madonge ya unga yaliyopikwa kwa mvuke, yapo kila kona. Nyama ya nguruwe ni ya kawaida milimani, kwa hiyo ulizeni au agizeni ya mboga.

Kuingia Sikkim mgeni anahitaji kibali, hata mtoto. Ni bure na hutolewa mpakani Rangpo. Kila mtu awe na nakala ya pasipoti, nakala ya viza na picha mbili. Mwambie dereva tangu mwanzo asimame ofisi ya wageni, na mfike mchana. Siku ya kutoka, ripoti tena. Ndani ya Gangtok teksi ni ndogo na hubeba abiria wanne tu, hawakubali wa tano hata akipakatwa, hivyo sisi tulilipa mbili kila mara. Nathula, njia ya mlimani kwenye mpaka wa China, haifunguliwi kwa wageni. Ziwa Tsomgo linahitaji kibali kingine kupitia wakala aliyesajiliwa, watu wasiopungua wawili. Liko mita 3,753 na Gangtok ni 1,650: mnapanda zaidi ya mita 2,000 kwa asubuhi moja. Mtoto akilalamika kichwa, teremkeni hapo hapo.

Kurudi, laleni Siliguri usiku mmoja kabla ya ndege ya Bagdogra. Barabara ya NH10 hufuata bonde la mto Teesta, na tangu mafuriko ya Oktoba 2023 hufungwa mara kwa mara. Ikifungwa, magari hupitia Lava na Gorubathan, na hiyo huongeza saa mbili au tatu. Siku tuliyoteremka ilikuwa imefungwa.