LC3 au p62: ununue antibodi gani kwanza?

LC3 na p62 ni protini za kufuatilia otofaji, na antibodi ndiyo inayozishika zionekane. Hela ikitosha kichupa kimoja tu, mie nachukua ya LC3. Otofaji si ndio seli kujilia takataka zake (Yoshinori Ohsumi alipata Nobel 2016 kwa hii kazi), na LC3 inang'ang'ania pale pale kwenye kamfuko ka takataka, kwa hivyo kwenye bloti (protini zinaachanishwa kwa ukubwa kwenye jeli, kisha antibodi inazionyesha) unapata mistari miwili, LC3-I karibu kDa 16 (kipimo cha uzito wa protini) na LC3-II chini karibu 14, na usishangae, hiyo ya chini ndio imebebeshwa mafuta na bado inakimbia zaidi. Shida ni udogo wake, jeli yangu ya asilimia 10 ilitoka tope tupu, nikapanda 15 ndio mistari ikaachana.

p62, ile inayobeba takataka hadi kwenye kamfuko na kuliwa nazo, haina makuu, mstari mmoja hapo kDa 62, basi. Otofaji ikienda inapungua, ikiziba inajaa, ila seli ikistuka inatengeneza nyingine mpya, ushadanganywa hapo.

LC3-II nayo ikipanda huenda ni njia imeziba, so weka sampuli ya klorokwini (dawa inayoiziba makusudi) pembeni ulinganishe. Na stima zikipotea usiku, jamani, antibodi kwenye barafu mapema, joto la Mombasa mwalijua.