Windows 10 ya Wazazi: Nipandishe Toleo, au Niiache Ilivyo?

Hamjambo watazamaji, karibuni tena. Leo sina boksi la kufungua wala kitu kipya kinachong'aa. Mezani nina laptopu ya Mama, hii hapa, na karatasi ya Baba. Karatasi naiweka pembeni kwanza, ila msiisahau, maana ndiyo iliyonifanya nirekodi video hii.

Suala lenyewe mnalijua. Wazazi wana kompyuta yenye Windows 10. Inawaka, inafanya wanachotaka, hawana malalamiko. Mara wanaletewa ujumbe kwenye skrini kwamba wahamie Windows 11. Hawajui wabonyeze nini, basi wanampigia mtoto simu. Mtoto ndiye mimi na wewe. Tuwajibu nini?

Nianze na hofu ya kwanza, maana nimeisikia sana: "Kwani kompyuta itazima?" Haizimi. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na huduma yake ya bure ikafika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Siku iliyofuata kompyuta ziliwaka kama kawaida. Kilichokoma ni viraka vya usalama, vile vinavyoteremka kila mwezi ukaambiwa uzime na kuwasha upya.

Sasa hapo kwenye viraka pana jambo ambalo watu hawalioni. Windows 10 na Windows 11 ni ndugu wa tumbo moja, sehemu kubwa ya ndani ni ile ile. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa viraka vya Windows 11. Mdukuzi anavichukua, anavilinganisha na toleo la mwezi uliopita, anaona: ahaa, tundu lilikuwa hapa. Kisha anakwenda kulitafuta tundu hilo hilo kwa ndugu mkubwa, ambaye hana tena mtu wa kumziba. Kwa hiyo kila kiraka cha 11 ni kama ramani ya kuivunja 10. Na hatari haiji yote siku moja, inajikusanya mwezi hadi mwezi.

Mnaikumbuka WannaCry, ile programu ya wadukuzi ya Mei 2017? Ilifunga mafaili ya watu nchi nyingi, hata hospitali za Uingereza zikakwama. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hakikuwafikia.

Haya, lakini tusidanganyane pia. Kinachowaibia wazazi wetu mara nyingi si tundu la Windows. Ni mtu anayepiga simu akijiita fundi. Ni dirisha linalojaza skrini likipiga kelele kwamba una virusi, piga namba hii sasa hivi. Mama akimtajia mtu nywila yake, Windows 11 haimzibi mdomo. Kwa hiyo yeyote anayekwambia "pandisha toleo uwe salama" kakupa nusu ya habari. Mimi Mama nimemwekea kizuizi cha matangazo kwenye kivinjari, na tuna sheria moja ya nyumbani: akiona skrini inapiga kelele, anazima kwa kitufe cha ukutani halafu ananipigia. Kitufe cha ukutani, hata kama ni laptopu, yeye ndivyo anavyoita kitufe cha kuwashia. Tunaelewana.

Sasa karatasi. Naileta karibu na kamera. Mnaiona? Ilibandikwa na Baba kwa gundi ya karatasi pembeni ya meza yake. "Moja, bonyeza kitufe cha chini kushoto. Mbili, tafuta herufi W ya bluu. Tatu, fungua faili la UKOO." Inakwenda hivyo hadi hatua ya kumi na nne, ambayo ni kuchapa. Baba anaandika kumbukumbu za ukoo wetu, ana kurasa zaidi ya mia mbili. Yeye hajifunzi kompyuta kama mimi na wewe, kwamba ukiona kitu kipya unabofyabofya hadi ukielewe. Yeye anajua njia. Ukimhamishia mlango, nyumba nzima imempotea.

Na Windows 11 inahamisha mlango. Kitufe cha Start kimetolewa pembe ya kushoto kikawekwa katikati, na kinasogea kadiri unavyofungua programu. Ukibofya mausi kulia, menyu ni fupi, na mambo mengine yamefichwa nyuma ya mstari wa ziada. Kukata, kunakili na kubandika zilikuja kama vipicha tu bila maneno, wakaja kurudisha maneno kwenye toleo la 24H2. Kwangu mimi hayo ni madogo. Kwa mtu wa miaka sabini na nane ni hatua ya kwanza ya karatasi yake imefutwa.

Hili nililijifunza kwa kosa langu mwenyewe. Laptopu ya Mama niliipandisha usiku, kesho yake alfajiri nasafiri. Niliona nimemfanyia hisani. Tena nikajifanya msafi, nikaondoa vialama "visivyo na kazi" kwenye skrini yake. Siku mbili baadaye simu: "Mwanangu, umenifutia picha za wajukuu." Picha zilikuwepo zote! Nilichoondoa ni njia ya mkato aliyokuwa anapitia. Nikamwelekeza kwa simu dakika arobaini, hatukufika. Nikasema basi, nikirudi nitairejesha Windows 10. Nilirudi siku ya kumi na tatu.

Windows ikishapandishwa inakupa siku 10 za kurudi ulikotoka. Kumi tu. Zikipita, kile kitufe cha kurudi hakipo tena, na lile folda la Windows.old, lenye Windows ya zamani, linafutwa. Wale wenzangu mnaopenda amri: kabla siku hazijaisha, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60, unapata siku 60. Mimi wakati ule sikuifanya.

Basi uamuzi wangu ukoje? Hautokani na umri wa mzazi. Wazazi wangu wanakaa nyumba moja, na nimeamua tofauti kwa kila mmoja.

Laptopu ya Mama ina prosesa ya Core i5-8250U. Tazama tarakimu ya kwanza baada ya kistari: 8, yaani kizazi cha nane. Hapo ndipo Windows 11 inapoanzia kwa Intel, karibu zote za kabla ya hapo zinakataliwa. Ingekuwa i5-7200U, imeachwa nje. Namba ikiwa na tarakimu tano, kama i5-10210U, ni kizazi cha kumi. Ukiona majina yanakuchanganya, pakua PC Health Check ya Microsoft, ibofye, ikupe jibu. Ikikwambia tatizo ni TPM 2.0, yaani sehemu ya usalama ndani ya kompyuta, usikimbilie dukani. Kompyuta nyingi zinayo ila imezimwa kwenye BIOS, ile mipangilio unayoingia kabla Windows haijawaka. Kwenye Intel itafute kwa jina la PTT, kwenye AMD ni fTPM. Iwashe, jaribu tena.

Kwa hiyo kompyuta ikikubalika, mimi ni mtu wa kupandisha. Lakini ipandishe siku ya kwanza ya kukaa kwao, si ya mwisho. Kabla hujaanza, nakili picha na mafaili kwenye diski ya nje, na upige picha skrini yao jinsi vialama vilivyopangwa. Ukimaliza, virudishe pale pale. Hata kile usichokielewa kinafanya nini, kirudishe. Kisha ingia Settings, Personalization, Taskbar, sogeza Start irudi kushoto. Zima Widgets, ile pembe yenye habari na hali ya hewa, maana mausi ikipita tu inafunguka na mzee anashtuka. Nenosiri la akaunti ya Microsoft liandike kwenye daftari la nyumbani. Najua wataalamu watanicheka kwa daftari, lakini mwizi wa Mama yuko kwenye intaneti, hayuko kwenye kabati lake.

Halafu RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, na diski. Microsoft wanasema GB 4 inatosha. Inatosha kuwaka. Chini ya 8 mimi simpi mzazi wangu. Na kama ndani kuna diski ile ya kuzunguka, achana na habari za toleo kwanza, weka SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Kati ya yote niliyofanya kwenye laptopu hii, kitu pekee ambacho Mama alikiona bila kuambiwa ni SSD. "Siku hizi haifikiri sana," alisema.

Haya, Baba. Ya kwake ni kompyuta ya mezani yenye i5-6500, kizazi cha sita. Haikubaliki. Mtandaoni mtaona njia za kuiruka mipaka, na zinafanya kazi, mimi mwenyewe nimezifanya kwenye mashine yangu ya majaribio. Kwa mzazi sizitaki. Kila toleo la Windows 11 ya nyumbani linahudumiwa miezi 24, kisha unatakiwa uhamie linalofuata, na kompyuta iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma kwa kawaida haisogezwi yenyewe. Inabidi mtu akae aipandishe kwa mkono. Mtu huyo ni wewe, na wewe uko mbali.

Yeye nimemuacha kwenye Windows 10, nikamsajili kwenye ESU, mpango wa viraka vya ziada hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unahitaji Windows 10 toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Ukikubali mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo, hulipi kitu. Kuna pia njia ya kulipia, na ya pointi za Microsoft Rewards. Leseni ya kulipia moja inafaa hadi kompyuta 10, kwa hiyo mkiwa na akaunti moja ya familia mnagawana. Unaingia Settings, upande wa Update, unabofya kujisajili, dakika tano imeisha. Tena kuna jambo nalipenda: ESU haileti vitu vipya. Hakuna kitufe kinachohama wala rangi inayobadilika, ni viraka tu. Huo ndio mfumo ambao Baba angeuomba kama angejua kuuomba.

Ikiwa kompyuta ya mzazi haiingii intaneti kabisa, ni ya kuandikia na kucheza karata, mimi ningeiacha na kumnyamazia. Flashi za watu tu ndizo ziangaliwe.

Baada ya Oktoba 2026 je? Kwa mashine ya Baba naona Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Menyu iko chini kushoto, palepale anapopajua, na Mint 22 inahudumiwa hadi 2029. Unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kutoka hapo, unaijaribu bila kugusa diski. ChromeOS Flex, mfumo wa Google, nayo ipo, ni nyepesi, lakini ukiisakinisha inafuta kila kitu na programu za Android haichukui. Kwa mzazi anayeishi ndani ya kivinjari tu, sawa. Kwa Baba na kurasa zake mia mbili, hapana.

Wikendi iliyopita nimeijaribu Mint kwenye mashine yake wakati amelala. Faili la UKOO limefunguka kwa LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, ila namba za kurasa zimeruka kutoka 61 hadi 63, na jedwali la majina ya mababu limevunjika safu. Nikilihifadhi upya pengine litakaa sawa. Printa imekubali, imechapa ukurasa wa kwanza vizuri. Skana bado inanigomea, na Baba ana boksi la picha za zamani anazotaka kuziingiza kwenye kitabu chake. Nimejiwekea kengele ya kalenda mwezi wa Agosti 2026. Nina hadi wakati huo kuipatia skana ufumbuzi, au tuziskani picha zote kabla hatujahama. Na ile karatasi ya hatua kumi na nne nairudisha leo kabla hajaitafuta.