S195 kwenye mashine ya kusaga: angalia puli kabla ya kulaumu injini

Mashine yangu ya kusaga, ile ya nyundo, ilikuwa ikizungushwa na mota. Umeme ulipozidi kukatika nikanunua injini ya dizeli aina ya S195: silinda moja, ya kulala, inapozwa kwa maji, nguvu za farasi 12 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika. Naipenda sana. Inawaka kwa hendeli hata asubuhi ya baridi, na spea zake hazisumbui kupatikana.

Kilichonisukuma kuandika ni puli, lile gurudumu linalozungusha mkanda. Fundi aliyeletwa na muuzaji alifungua puli ya inchi 10 iliyokuwa kwenye mota, akaifunga kwenye injini, akabana mafuta mpaka mlio ukatulia, akasema kazi imekwisha. Mahindi yalipoingia tu, moshi mweusi ukatanda, injini ikaanza kukohoa, na akina mama wakawa wanasubiri debe moja muda wa madebe mawili.

Mota ile ilikuwa inazunguka mara 1,450 kwa dakika. Puli ya inchi 10 ikivuta ya inchi 5 iliyo kwenye kinu, kinu kinapata 2,900, na ndivyo kibao chake cha maelezo kinavyosema. Ukiiachia S195 mwendo wake wa 2,000 kwa puli ileile, kinu kitakwenda 4,000. Nguvu inayozivuta nyundo zitoke kwenye pini hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo hapo inakaribia maradufu. Pini ikikatika na watu wamesimama pale mlangoni! Kwa hiyo kubana mafuta kulizuia hatari hiyo, lakini injini iliyobanwa hadi 1,450 haina tena farasi 12. Zinabaki kama 8 na ushei. Mzigo ukiizidi, gavana, yaani kile kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini, inaongeza dizeli ambayo haiungui yote, na moshi ni huo.

Dawa ni hesabu ya darasani: inchi 5 mara 2,900, gawa kwa 2,000, unapata 7.25. Fundi mchonga vyuma akanitengenezea puli ya inchi saba na robo, mifereji mitatu ya mkanda wa V wa saizi B, akaisawazisha vizuri mpaka haitikisiki. Injini tukaisogeza nyuma kidogo ili mikanda ikaze. Kisha tukapima kwa kile kifaa cha kumulika kikaratasi kinachong'aa ulichobandika kwenye puli: injini 2,000, kinu karibu 2,900. Mahindi yakiingia kinashuka kidogo, kinarudi. Moshi umekwisha, na unga unatoka laini kwa chekeche ileile.

Injini naipa nyota tano. Huduma ya ufungaji naipa mbili, kwa sababu hakuna aliyeniuliza kinu changu kinataka mizunguko mingapi. Ukienda kununua, piga picha kibao cha kinu chako, pima puli yake, na usikubali kufungiwa kabla hawajakuonyesha hesabu.