Mtaka SUV ndogo ainame: zipi za kununua, kwa mpangilio wangu

Siku moja nilipelekwa kuona gari dogo safi, rangi bado inang'aa, nyuma limebandikwa "4WD", yaani linavuta kwa magurudumu yote manne, kwa herufi za rangi ya fedha. Muuzaji alisifu injini, akasifu viti, akasifu hata redio. Nikatandika gunia, nikalala chali na kumulika tochi uvunguni. Difu ya nyuma, lile sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu, hakuna. Propela, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, hakuna. Zile herufi kuna mtu alizinunua akazibandika.

SUV nyingi ndogo hutoka katika matoleo mawili yenye sura moja: hili linavuta kwa magurudumu mawili, lile kwa manne. Na hata yanayovuta kwa manne hayafanani. Kuna yale ya kuingiza 4WD kwa mkono, hayana difu ya kati, ile inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kwenda mwendo tofauti. Ukiyapeleka hivyo kwenye lami kavu na kukata kona, magurudumu ya mbele yanataka kwenda mwendo mrefu kuliko ya nyuma, na kwa kuwa yamefungwa pamoja, gari linajikaza na kurukaruka hadi kitu kikatike. Kuna yanayovuta kwa manne muda wote kwa sababu yana difu ya kati. Halafu kuna yale ya klachi ya umeme: yanavuta kwa mbele, na klachi iliyo karibu na difu ya nyuma inashika pale tu utelezi unapoanza. Hayo ya mwisho yanatosha kwa watu wengi, ila yakihangaishwa muda mrefu kwenye mchanga mzito klachi hupata joto na kujiachia.

Kwangu mimi, mtu mwenye familia anayepita lami siku nyingi na njia mbovu siku chache, ya kwanza ni Suzuki Escudo, au Grand Vitara kama inavyoitwa kwingine, ile ya kizazi kilichoanza mwaka 2005. Chesisi yake, yaani fremu ya chuma ya chini, imeunganishwa ndani ya bodi, inavuta kwa manne muda wote, na difu ya kati unaweza kuifunga ili mbele na nyuma zizunguke pamoja. Zile zenye swichi ya 4L zina pia gia nzito, ya kwenda polepole kwa nguvu nyingi, na hapo ndipo inapozishinda nyingi za rika lake: mlima wa mawe unaupanda polepole bila kuunguza klachi, na ukishuka injini inashika gari bila wewe kukalia breki. Ubaya wake ni mafuta. Inakunywa, tena sana ukiilinganisha na ukubwa wake. Angalia pia swichi hiyo kwa macho yako, maana si zote zinayo, na usidanganywe na jina: Grand Vitara iliyotoka mwaka 2022 ni gari jingine kabisa, halina gia nzito.

Ya pili ni Suzuki Jimny. Kama unatembea peke yako, huna watoto na unaishi kwenye tope, ipandishe iwe ya kwanza, sibishani na wewe. Uzito wake ni kama kilo 1,100 hivi, ina chesisi kamili, ekseli nzima (mhimili mmoja kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia) mbele na nyuma, na gia nzito. Gari zito linapozama, hii inapita juu juu. Ila ile ya milango mitatu iliyotoka mwaka 2018 ina buti ya lita 85 tu viti vya nyuma vikiwa vimesimama. Begi moja la safari na umemaliza. Kwenye barabara kuu, injini ya lita 1.5 na gia otomatiki nne hukufundisha subira. Kuovateki lori ni jambo la kupanga mapema. Zilizotumika zina ugonjwa unaojulikana: usukani kutetemeka kwa nguvu ukigonga shimo kwenye mwendo fulani, mara nyingi kwa sababu ya beringi na bushi za ekseli ya mbele zilizochoka. Na zile za kizazi kilichotangulia, zenye vitufe badala ya mkono wa 4WD, vimpira vyao vya hewa vya kuunganisha magurudumu ya mbele vikipasuka unaweza kukuta magurudumu ya mbele hayashiki hata ukibonyeza kitufe.

Subaru Forester naiweka ya tatu, na wapenzi wake watanichukia. Kwa starehe, kwa kutulia kwenye vumbi na mvua, inazipita zote mbili za juu. Lakini injini za zamani za EJ, hasa ya lita 2.5, zinajulikana kwa kuharibu gasketi za silinda hedi, na zina mkanda wa taimingi wa kubadilisha kwa wakati. Za FB zilizofuata zinatumia cheni. Tairi zake nne lazima ziwe za saizi moja na zimelika sawasawa. Ukipasua moja, wakati mwingine unanunua nne.

Daihatsu Terios ya kizazi cha pili, kilichoanza mwaka 2006, na ndugu yake Toyota Rush, ni ya nne. Injini ya lita 1.5, na matoleo ya 4WD yana difu ya kati inayofungwa kwa kitufe. Gia nzito haina. Ni nyembamba, inapita vichochoroni, na inarusharusha abiria kwenye makorongo. Rush ya umbo jipya, ya viti saba, inavuta kwa nyuma tu. Usiiite 4WD.

Za mwisho ni RAV4 na X-Trail za klachi ya umeme. Nzuri za mjini, basi. RAV4 ya kizazi cha tatu, kile cha katikati ya miaka ya 2000, ina kitufe cha kufunga klachi hiyo, lakini kinajiachia mwendo ukifika kilomita 40 kwa saa.

Ukishachagua, endesha mwenyewe. Tafuta uwanja mpana wa changarawe, kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole. Gari lenye difu ya kati linapaswa kuzunguka laini. Likijikaza kana kwamba kuna mtu ameshika breki ya mkono, ama mfumo una kasoro ama tairi hazilingani. Kisha uzime injini na urudi chini na tochi: angalia mipira ya jointi kama imechanika na kumwaga grisi, na difu ya nyuma kama inavuja. Ukiinuka, soma namba kwenye tairi ya akiba. Mara nyingi ni ya saizi nyingine.