Beringi za magurudumu: ipi inunuliwe kwanza, ipi iachwe dukani

Gari likianza kuvuma kuanzia kilomita 60 kwa saa, na mvumo ukapanda kadiri mwendo unavyoongezeka, wengi hukimbilia maduka ya spea ya Gerezani au Ilala, Dar es Salaam, na jina la gari tu mdomoni: "Nipe beringi ya mbele ya Toyota IST." Hapo ndipo fedha huanza kupotea. Kabla ya kuuliza bei, jua kama kweli ni beringi (duara la chuma ambalo gurudumu huzungukia), na kama ni beringi ya upande gani.

Achia mafuta gari likiwa kwenye mwendo. Injini ikitulia na mvumo ukabaki, tatizo liko kwenye magurudumu. Tairi lililolika vibaya nalo huvuma vivyo hivyo, ila sauti yake hubadilika ukitoka kwenye lami laini kuingia kwenye lami mbovu au changarawe, wakati ya beringi haibadiliki sana. Ukibaki na shaka, peleka matairi ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Mvumo ukihama nayo, umeokoa fedha ya beringi.

Upande unaujua kwenye kona. Barabara ikiwa wazi, pinda taratibu kulia: uzito wa gari unaegemea kushoto. Mvumo ukizidi hapo, mara nyingi mgonjwa ni beringi ya kushoto. Ukizidi ukipinda kushoto, tazama ya kulia. Mlio wa "ka-ka-ka" usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho ni habari nyingine, hiyo ni jointi ya ekseli.

Kisha inua gurudumu. Paki pahali tambarare, weka kabari kwenye matairi yanayobaki chini, na ukishapiga jeki weka stendi. Usifanye kazi hii gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwombe mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, kagua boljointi (kiungo cha gololi kinachoshika gurudumu). Likicheza kulia na kushoto tu, anza na tairodi endi (kiungo cha mwisho cha usukani). Halafu weka gia huru, zungusha tairi kwa mkono mmoja na wa pili uushike kwenye springi: beringi iliyochoka huitetemesha springi na utausikia mtetemo kwenye vidole. Hili la mwisho ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana beringi nyingi za magari madogo huvuma muda mrefu kabla hazijaanza kucheza. Fundi anayetikisa tairi mara moja na kusema "haichezi, iko poa" hajamaliza kupima.

Dukani utakutana na aina tatu. Ya kwanza ni duara lenye safu mbili za gololi, linaloshindiliwa kwa presi (mashine ya kukandamiza) ndani ya chuma kinachobeba gurudumu. Ndiyo iliyo mbele ya IST na Vitz za miaka ya 2000. Ya pili ni habu (kitovu cha gurudumu) nzima yenye beringi ndani yake, inayofungwa kwa bolti, kama ilivyo nyuma ya magari hayohayo. Ya tatu ni ile ya vyuma vya mviringo vilivyolala mshazari, inayofunguliwa, kusafishwa, kupakwa grisi upya na kukazwa kwa kipimo. Hii iko mbele ya Land Cruiser 70, na nati yake hutaka soketi ya milimita 54.

Kwa gari la Kijapani, chaguo langu la kwanza ni beringi ya kampuni ileile iliyotengeneza ile iliyotoka na gari, ikiwa kwenye boksi la kampuni hiyo. Toyota haitengenezi beringi zake kiwandani kwake. Hununua kwa watu kama Koyo (tangu 2006 iko ndani ya JTEKT), NSK, NTN na Nachi. Futa beringi ya zamani, soma jina na namba iliyochongwa kwenye chuma, na utafute hiyo. Unapata chuma kilekile bila kulipia boksi la kampuni ya gari.

Namba yenyewe inasomeka. DAC38740036/33 maana yake tundu la ndani ni milimita 38, upana wa nje kwa nje 74, na unene ni 36 kwa duara la ndani na 33 kwa duara la nje. Ukiijua hiyo, muuzaji hawezi kukupa "inayofanana". Magari mawili yenye jina moja na mwaka mmoja yanaweza kutofautiana kwa sababu moja lina ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukikanyaga breki) na jingine halina, au moja linavuta magurudumu manne. Ndiyo maana namba ya chesisi na beringi ya zamani mkononi ni bora kuliko jina la gari.

Chaguo la pili ni boksi la Toyota, Nissan au Honda lenyewe. Ubora hauna ubishi. Nimeliweka la pili kwa sababu ya bei tu. Kama unanunua habu nzima yenye sensa ya ABS, ongeza fedha bila kusita, kwa kuwa kosa dogo hapo huwasha taa ya ABS na kukurudisha gereji.

La tatu ni SKF ya Sweden, FAG ya Ujerumani, SNR ya Ufaransa na Timken ya Marekani. Kwa Volkswagen, Mercedes au BMW hizi zinapanda hadi nafasi ya kwanza. Kwa Toyota ni nzuri vilevile, shida ni kwamba SKF na NSK ndizo majina yanayoghushiwa sana, na hapo ndipo uangalifu wote unapotakiwa.

La nne ni beringi ya China inayouzwa kwa jina lake yenyewe, bila kujifanya Mjapani. Haiaminiki kama tatu za juu, lakini ni bidhaa ya kweli na unajua unachonunua. Mwenye gari la mizunguko mifupi ya mjini ambaye fedha imembana anaweza kuichukua, hasa kwa habu ya nyuma ya bolti, ambayo kuibadilisha tena si kazi kubwa. Kwa gari linalopanda mlima mkali kama Kitonga na abiria, hapana.

La tano ni mtumba. Habu ya bolti kutoka kwenye gari lililokatwa inaweza kukufaa ukiizungusha mkononi na ikawa laini na kimya, isiyo na kutu kwenye sili (kifuniko kinachozuia vumbi na maji). Beringi ya kushindilia iliyong'olewa usiinunue kwa bei yoyote. Kuing'oa hupitisha nguvu yote kwenye gololi, na alama zinazoachwa kwenye njia yake hazionekani kwa nje.

Ya mwisho kabisa ni boksi la jina kubwa kwa bei ya kutupa. Hii ni mbaya kuliko ya China ya wazi, kwa sababu unalipia uongo na hujui ndani kuna chuma gani. Fungua boksi hapohapo kaunta. Namba ya boksi na ya kwenye chuma zifanane. Maandishi yawe yamechongwa safi na sawasawa, si muhuri wa wino unaofutika kwa kidole. Neno "Japan" peke yake si ushahidi: NSK wana viwanda China, Indonesia na Poland, na beringi halali inaweza kuandikwa nchi hizo. SKF wana programu ya simu, SKF Authenticate, unapiga picha na wao wanakujibu. Dai risiti ya mashine ya kodi (EFD) yenye jina na namba ya beringi. Ukigundua bandia, Tanzania unaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, na Kenya kwa Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia.

Bei ya presi ihesabu ndani ya bei ya beringi. Koyo halisi iliyoingizwa kwa nyundo ni beringi mbovu kabla gari halijatoka gereji. Inapoingizwa kwenye chuma chake, msukumo ukae kwenye duara la nje tu. Habu inapoingia ndani ya beringi, duara la ndani ndilo lishikiliwe kwa chini. Uliza hili kabla ya kukubaliana bei. Fundi mwenye presi na mwenye kujua kanuni hii atakujibu bila kufikiri.

Kama gari lina ABS, sili moja ya beringi ina sumaku, mara nyingi ile yenye rangi nyeusi au kahawia. Klipu nyepesi ya karatasi ikisogezwa hunasa kidogo upande huo. Upande wenye sumaku ndio utazame sensa. Ukigeuzwa, taa itawaka na kazi yote irudiwe.

Nunua pamoja na klipu mpya ya kuzuia beringi na nati mpya ya ekseli, maana nati ya zamani ilishapondwa ili isilegee. Ikazwe kwa spana ya kipimo, si kwa bomba refu na nguvu za mwili. Corolla nyingi za miaka ya 2000 hutaka Nm 216, gari lako litafutie kipimo chake. Na gari lisikanyage chini wala kusukumwa kabla nati hiyo haijafikia kipimo, kwa sababu beringi ya kushindilia hubanwa na nati hiyo, na uzito wa gari juu ya beringi isiyobanwa huiharibu siku ya kwanza.