Duka la bunduki za mtumba: nyota 2. Shotgani yenyewe: nyota 5

Wakuu, hili duka silitaji jina ila lipo huku Ujerumani, niliingia na kibali changu cha kuwinda kutafuta shotgani ya mitutu miwili, nikatoka na J.P. Sauer & Sohn ya mji wa Suhl, geji 12 (saizi ya risasi). Kibandiko kinasema "mwaka 1895 hivi", na mzee muuzaji akaniongezea stori ndeeefu ya babu yake na nguruwe pori, nami nikalipa bei ya antiki kama nimerogwa.

Nyumbani ndo nikafungua mbao ya mbele, nikachomoa mitutu, nikafuta grisi ya miaka chini kule ambako hakuna anayeangalia. Dah. Mihuri ya majaribio imejaa! Taji juu ya B, yaani ilifyatuliwa majaribio, taji na U, ilikaguliwa, taji na S, mtutu wa risasi za chembechembe usio na mikato ndani, taji na W, mtutu umebanwa mdomoni. Hizo ni za sheria ya Ujerumani ya kujaribu bunduki ya 1891 iliyoanza kazi 1893, kwa hiyo hapo mzee bado yuko salama. Sasa pembeni kuna taji na N. Hiyo ni ya baruti isiyo na moshi na ilianza na kanuni za 1911, afu chini yake kabisa kuna vitarakimu vidogo: 9 27. Septemba 1927! Suhl walikuwa wanagonga mwezi na mwaka, ni kuinamisha taa tu usome. Maandishi ya chuma cha kampuni ya Krupp yapo pia na zile pete tatu, ambazo ni magurudumu ya treni wala sio nembo ya Olimpiki kama shemeji alivyodhani.

Kuna na 13/1 imegongwa hapo, nayo isiwachanganye, huo ni upana wa ndani wa mtutu, geji ya risasi ni ile 12 iliyoko ndani ya duara.

Mwaka ningesamehe. Kilichonikera ni boksi la risasi za milimita 70 walilonipa kama ofa. Fundi bunduki kapima chemba, pale risasi inapokaa, 65! Na risasi ya 70 inaingia humo laini kabisa bila kelele, kwa sababu mdomo wake umekunjwa, ukifyatua ndo unakunjuka mbele kwenye sehemu nyembamba na presha inapanda, na hapo shavu lako liko juu ya kitako. Muuzaji wa bunduki hajui hilo kweli??

Nilirudi na picha. Mzee akavaa miwani, akaangalia weee, akasema "ah, 27", akachukua kalamu akafuta 1895, bei hakugusa. Palepale ukutani kuna nyingine ameandika "ya wakati wa vita" na ina pembe ya paa, muhuri wa ofisi ya majaribio ya Ulm, na herufi GE ambazo ni mwaka kwa mafumbo. A ni 0, B ni 1, unahesabu hivyo mpaka K ambayo ni 9, J hawaitumii, so GE ni 64, yaani 1964, vita ilishaisha zamani. Nikamwambia, akanuna.

Risasi zake nilimwachia mezani. Bunduki siirudishi ng'o, inafunga kwa mlio mmoja mfupi kama mlango wa Benzi na mitutu haichezi hata kidogo.